Mababu wa Golikipa

Lenny Wafula alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa na dawa: kuuliza. Akiona mtu amebeba godoro atamuuliza linatoka wapi na linakwenda wapi, na akiambiwa atauliza kwa nini halikununuliwa huko huko linakokwenda. Katika jengo la ghorofa sita alilokuwa akililinda Bur Dubai, nyuma ya maduka ya vitambaa, alijua ni mpangaji yupi hasemezani na mkwewe na ni yupi aliyeacha sukari kwa amri ya daktari. Mmbeya hakuwa, maana hakusambaza. Alitaka kujua tu, na akishajua analala vizuri. Wenzake aliokaa nao chumba kimoja kule International City walimpa jina la Maswali, na jina likamkaa.

Swali moja tu ndilo lililomshinda, na kwa bahati mbaya ndilo alilohitaji kuliko yote. Lenny alikuwa na mchumba, Mercyline, Mbukusu mwenzake wa Bungoma, yaya katika nyumba moja ya mtaa wa Mirdif, huko huko Dubai. Mercyline angepata likizo mwezi wa Desemba, na walikuwa wamepatana kwamba mwezi huo huo wazee wa Lenny wakapige hodi kwao. Lakini baba yake Mercyline, Mzee Yekoniya, aliuliza kwanza lile ambalo kila mzazi wa Kibukusu huuliza: kijana ni wa ukoo gani? Kwa Wabukusu, watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama hawajawahi kutiana machoni.

"Mama yake najua ni wa Bakhoone," mzee alimwambia bintiye kwa simu. "Baba yake je? Sisi ni Balunda. Nisije nikakuoza kwa kaka yako."

Upande wa baba Lenny hakuujua kabisa. Alizaliwa na kulelewa kwa babu mzaa mama. Mama yake, Annah, alirudi kwao na mimba akiwa na miaka ishirini, na hakusema ni ya nani. Babu akampa mtoto jina lake, Wafula. Mjomba akamtahirisha uani kwake, akasimama mbele ya watu akasema kijana huyu ni wetu na asitokee mtu wa kuulizauliza. Hakutokea, hata huyo Maswali mwenyewe. Kwa miaka thelathini na moja alihofia kwamba akiuliza, mama atadhani mapenzi aliyompa hayakumtosha. Kila Jumapili Mercyline alimwambia, "Lenny, muulize mama." Kila Jumapili Lenny akajibu, "Nitamuuliza, inshallah," kisha akabadilisha mazungumzo.

Sasa tuje kwa Tipene, maana bila yeye mambo yangebaki hapo hapo.

Tipene aliishi ghorofa ya nne ya jengo lile. Alikuwa mwalimu wa michezo, jitu la miraba minne lenye sauti ndogo, Mmaori, yaani wa wale wenyeji wa asili wa New Zealand, lakini aliyezaliwa na kukulia Perth, Australia. Siku aliyosikia kwamba Lenny alikuwa kipa shuleni, alimchukua akampeleka kwenye klabu yao. Lililosahaulika ni kwamba Tipene mwenyewe ndiye aliyekuwa kipa wa klabu. Kwa hiyo alimkalisha rafiki yake benchi kwa mkono wake mwenyewe, na katika misimu miwili Lenny alikuwa amecheza dakika kumi na moja, zote siku ambayo Tipene alivimba jicho kwa kuumwa na nyuki.

Asubuhi moja ya Oktoba Tipene alishuka akitabasamu, akaegemea meza ya mlinzi.

"Wameniita," alisema. Walizungumza Kiingereza cha kazini, kila mmoja na lafudhi ya kwao.

"Kina nani wamekuita? Polisi?"

"Timu ya Wamaori. Wanakwenda ziara mwezi wa Januari. Wameangalia video za mechi zetu msimu mzima."

Lenny akaacha daftari la wageni. "Ngoja kwanza. Wamaori wana timu yao? Si New Zealand mna timu ya taifa?"

"Hiyo ni nyingine. Hii ni ya wenye damu ya Kimaori, wanatoka klabu yoyote, popote duniani."

"Na damu wanaijuaje? Wanapima?"

Tipene akacheka, akamwonyesha fomu kwenye simu. Habari za mpira zilichukua nusu ukurasa: urefu, uzito, klabu, mechi alizocheza. Kurasa zilizofuata zilikuwa za majina. Mama ni nani, baba ni nani, waliowazaa ni kina nani, na kuendelea juu mpaka kufika kwa yule babu wa kale ambaye kabila limeitwa kwa jina lake. Jambo hilo lina neno lake kwa Kimaori, whakapapa, na Tipene alipolitamka Lenny alimtaka arudie mara tatu ili alishike.

"Yaani golikipa anaulizwa babu yake wa tano?" Lenny alisema, macho yamemtoka. "Ukidaka penalti zote lakini babu wa tano humjui?"

"Huvai jezi. Yupo mama mmoja mtunza majina, lazima akubali kwanza kwamba wewe ni wa watu fulani."

Lenny alifurahi kupita kiasi. Miaka yote Dubai hajaona fomu yenye akili kama ile. Fomu zote alizowahi kujaza zilitaka nambari ya pasipoti na jina la kafeel, yule mdhamini wa kibali cha kazi, basi. "Hii ni kama kwetu!" akasema. "Kwetu mwanamume asiyejua mababu zake ni kama mzigo usio na jina. Sikiliza." Akasimama wima, mkono kifuani, akamwaga bila kuvuta pumzi: "Mimi ni Lenny, wa Wafula, wa Khisa, wa Namunyu, wa Simiyu, wa Makokha, wa Wekesa, wa Mukhwana. Saba!"

Tipene alibaki mdomo wazi. Yeye alikulia mbali, na aibu ya kutojua ya kwao alikuwa ameibeba muda mrefu kimyakimya. Mbele ya mtu anayemwaga mababu saba kama anayesoma namba yake ya simu, alijiona mwanafunzi. Akafungua picha ya ukurasa mmoja wa daftari, mwandiko wa bibi yake mzaa mama, majina yameshuka kama ngazi. Lenny akasoma. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyokunja uso.

"Marama ni nani?"

"Mama yangu."

"Ripeka?"

"Bibi, mama yake mama."

"Na huyu Mere hapa juu? Mwanamke pia?" Lenny akatikisa kichwa kwa huruma, kama fundi aliyeona nguzo imesimamishwa kichwa chini. "Rafiki yangu, hii umechukua njia isiyo yako. Ukoo hupita kwa wanaume. Ukoo wa mama unaheshimiwa sana, huoi huko, lakini wewe mwenyewe si wa huko. Kwa baba yako hakuna Wamaori?"

"Wapo. Lakini najua majina matatu tu."

"Andika hayo matatu. Kwani wataalamu wao watashindwa kuyamalizia?"

Ulimi hauna mfupa. Aliyesema maneno hayo ni mtu ambaye majina yake yote saba yalitoka kwa mama, na hakuona ajabu. Alikuwa ameyakariri tangu utotoni, miguuni pa babu, na yalikwisha kuwa yake kama meno yake. Kwenye fomu, ambako alikuwa amekwisha kuyanakili majina ya daftari, Tipene akalifuta lile la Marama na yote yaliyofuata, akajaza matatu ya baba, akatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku nane. Lenny alijua kuna jambo pale alipomwona Tipene anashuka kwa ngazi wakati lifti inafanya kazi. Barua ilikuwa ya adabu sana. Walisifu mikono yake. Walisikitika kwamba mstari wa majina umekatika kwenye jina la tatu, na kwamba hawajaona pa kumshika. Orodha ya wachezaji ingefungwa Jumatatu.

"Si kosa lako," Tipene alisema.

"Ni langu," Lenny akajibu, na ni kweli, lilikuwa lake. Hakula chakula cha mchana siku hiyo. Mazoezini mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu wenzao walikuwa wamekwisha kumtania wiki nzima kwamba Januari, Tipene akiwa ziarani, atasimama golini. Kocha wao, Bassam, mtu wa Jordan asiyecheka ovyo, alimtazama Lenny kutoka viatuni hadi kichwani.

"Miaka kumi na tano nafundisha mpira," alisema. "Sijaona mchezaji wa akiba anayejifunga goli akiwa benchi. Yalla, okota mipira."

Lenny akaokota mipira. Lakini mdadisi hata akiwa na huzuni hubaki mdadisi, na kufikia mpira wa sita swali lilikuwa limekwisha kumtoka.

"Tipene, yule mama mtunza majina. Ulizungumza naye?"

"Nilituma fomu."

"Fomu haizungumzi. Anaitwa nani? Anakaa wapi? Ana simu?"

"Shangazi Huia. Simu anayo, lakini, Lenny, utampigia mzee kama yule umwambie nini?"

"Tutamuuliza. Kuuliza si ujinga."

Hivyo Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya mazoezi, waliketi kwenye mkahawa mdogo ulio kando ya uwanja, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya karak, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kule New Zealand jua lilikuwa linaelekea kuzama. Akatokea mwanamke mwenye mvi nyeupe zilizofungwa juu, yuko jikoni, anamenya viazi.

Tipene alijieleza kwa sauti ndogo kuliko kawaida. Shangazi Huia alimsikiliza akimenya. Kiazi kikaisha, akachukua kingine.

"Nimeisoma ya baba yako," alisema. "Huko ni kweli imekatika, watu wake walihama mapema sana. Ya mama yako iko wapi?"

Tipene akamtupia jicho Lenny. "Niliambiwa haihesabiki."

Kisu kikasimama. "Na nani?"

Hapo mtu mwenye busara angejificha. Lenny aliingiza uso kwenye simu. "Ni mimi, mama. Shikamoo," akasema, shikamoo kwa Kiswahili hasa, maana Kiingereza hakikumpa neno la kutosha. "Naitwa Lenny. Kwetu Kenya majina hupita kwa baba. Nilidhani ni hivyo dunia nzima. Naomba radhi. Rafiki yangu asikose jezi kwa ujinga wangu."

Shangazi Huia hakukasirika. Alimkagua kwa hamu, na Lenny akatambua macho yale kwa sababu ni yake mwenyewe: macho ya mtu aliyekutana na jambo jipya, hataki limpite. "Kwenu mnakariri?" akauliza. "Mpaka wangapi?"

"Mimi saba."

"Nipe."

Lenny akasimama pale mkahawani, mkono kifuani. Mhudumu akaacha kufuta meza. "Mimi ni Lenny, wa Wafula, wa Khisa, wa Namunyu, wa Simiyu..." Akamwaga mpaka kwa Mukhwana.

Yule mama alikuwa amefumba macho kama anayeonja mchuzi. Alipoyafumbua, akasema, "Vizuri sana. Wafula ni baba yako?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kwao watu walijua wakanyamaza, na Dubai watu waliliona jina la Wafula kwenye kitambulisho wakadhani ndiye baba.

"Ni babu," Lenny alisema.

"Baba wa baba yako?"

"Baba wa mama."

"Kwa hiyo wewe humfuati Wafula. Kuna mtu hapo katikati."

Tipene akaacha chai.

"Huyo mtu anaitwa nani?" aliuliza Shangazi Huia, taratibu.

"Annah," Lenny akasema. "Anaitwa Annah."

"Umemruka mama yako, mwanangu. Umetoka kwako ukarukia kwa baba yake, na yeye ndiye ngazi uliyopandia. Hapa kwetu ungeanguka."

Mtu anaweza kupigwa mpira wa uso na asione nyota kama zile alizoziona Lenny. Mara ngapi aliyasema majina yale? Shuleni, misibani, kazini, mbele ya Mercyline kumtambia. Kila mara alimpita mama yake mlangoni bila hata kumsalimu, na huyo huyo ndiye aliyedai anaogopa kumuumiza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

Shangazi Huia alikuwa amekwisha kumgeukia Tipene. Tipene alimtumia ile picha ya daftari, na mama wa watu akavaa miwani, akasoma, akapiga meza viazi vikaruka. "Wewe ni mjukuu wa Ripeka? Ripeka wa Hohepa? Mbona hukusema? Nilisoma naye darasa moja! Alikuwa anaiba wino wangu!" Akaanza kuyataja majina yaliyofuata kabla hajayasoma, moja juu ya jingine, hadi pale mwandiko wa bibi ulipoishia, akaendelea mwenyewe bila karatasi. Tipene, lile jitu, alifunika uso kwa glavu zake za ukipa, mabega yakitikisika. Jumatatu jina lake lingekuwa kwenye orodha. Khalas, limekwisha.

Lenny hakungoja kupongezana. Alitoka nje, akasimama nyuma ya goli penye kivuli, akapiga Bungoma. Kule ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

"Nani amekufa?" mama yake akauliza, maana Lenny hupiga Jumapili, si Jumamosi.

"Hakuna, mama."

"Umefutwa kazi?"

"Sijafutwa. Nataka kukuuliza kitu."

"Wewe na maswali yako. Uliza basi, nina maharagwe jikoni."

Lenny aliutazama wavu. Ulikuwa na tundu kwenye kona ya chini, na alilihesabu pembe zake kabla hajaweza kusema. "Mama, baba yangu ni nani?"

Kuku akalia, kwa mbali. Kisha akasikia kigoda kinavutwa.

"Ngoja niketi," alisema Annah. Akaketi. "Miaka thelathini na moja. Umeuliza dunia nzima, Lenny. Umewauliza mpaka watu wa benki wanalala saa ngapi. Mimi ukaniweka wa mwisho."

"Niliogopa kukuumiza."

"Na mimi nikadhani hutaki kujua. Mjomba wako alisema tusikuchanganye, mtoto ametulia kwa babu yake. Kila ukifunga shule nilisema, likizo hii ataniuliza. Unauliza kila kitu, hilo hulitaji. Nikasema basi, amechagua." Alivuta pumzi. "Unalikumbuka duka la vitabu pale Chwele?"

"La Mzee Kundu? Aliyekuwa ananiongezea kalamu?"

"Wewe ulidhani kila mtoto anaongezewa kalamu?"

Lenny akakalia nyasi bandia zilizokwisha kupata moto, na hakuuhisi. Aliiona mikono ya yule mzee ikifungua boksi. Alikumbuka kwamba hata wakati ule, akiwa darasa la nne, aliuliza: mzee, kwa nini mimi unaniongezea? Na mzee, baada ya kusita, alimjibu kwamba mwenye maswali mengi huandika sana.

"Alikuwa na mke tayari," mama akaendelea. "Nilikuwa mjinga na nilikuwa nampenda. Babu yako hakutaka ng'ombe wake wala jina lake. Ni Omutecho, wa Batecho. Andika, usije ukasahau."

Batecho. Si Balunda. Lenny alilirudia neno lile mara mbili mdomoni, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, hata mama akauliza kama ni mzima.

"Yu hai?"

"Yu hai. Macho tu yamepungua. Kila nikipita pale ananiuliza, yule kijana angali anauliza maswali?"

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia anauliza. Bado hajafika kwetu."

Walizungumza mpaka maharagwe yakaungua. Annah alilalamika juu ya sufuria yake kwa furaha, akakata simu. Uwanjani Tipene alikuwa anamwinua Bassam juu kama kikombe, na Bassam anamtukana kwa Kiarabu. Mtu alimwita Lenny: njoo golini, Maswali, Januari ni yako, tukupige mashuti kuanzia leo!

"Nakuja," alijibu, lakini kwanza alifungua simu kumtumia Mercyline ujumbe wa sauti. Angeusikiliza akimaliza kuwapa watoto wa madam chakula cha mchana, kisha angempelekea baba yake kama ulivyo.

Akasimama wima, mkono kifuani. "Mzee Yekoniya, shikamoo. Baba yangu ni Kundu wa Chwele, Omutecho. Nitakwenda kwake Desemba kabla sijafika kwako. Na walionilea ni hawa: mimi ni Lenny, wa Wafula..."

Akasita. Ulimi ulikuwa umezoea njia ya zamani. Akaufuta ujumbe, akabonyeza upya, akaanza tena polepole.

"Mimi ni Lenny, wa Annah, wa Wafula."